Tovuti ulizotengeneza zimekufa, na nyingine ulifanya bure: zinahesabika?

Mleta mada, umeuliza mambo mawili. Ufanyeje ikiwa tovuti nyingi ulizowatengenezea wateja hazipo tena hewani, au zipo lakini zimebadilishwa hadi mwenyewe huzitambui? Na je, kazi za kujitolea kwenye jumuiya za mtandaoni ziingie kwenye orodha ya kazi zako, au ni kujaza nafasi tu? Nimeishi kwa kazi hii bila mwajiri tangu enzi za Flash (ile teknolojia ya zamani ya kuweka michoro inayosogea kwenye tovuti), nakujibu kwa niliyoyapitia.

La kwanza lisikunyime usingizi. Adobe ilipoacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, kazi zangu zilizong'aa kuliko zote zilizimika kwa mkupuo. Nyingine zilikufa kwa sababu mteja hakulipia domeni (jina la anwani ya tovuti), nyingine alikuja fundi mwingine akabandika themu yake (mwonekano uliotengenezwa tayari) juu. Mteja anayejua anachotafuta hatakuhukumu kwa hilo. Anataka kujua ulikuta hali gani, ukaamua nini, na mambo yalikwendaje baada ya wewe kuondoka.

Kwa hiyo acha kupanga picha za skrini kama albamu ya harusi. Picha ya ukurasa wa mbele haisemi kitu, maana themu ya kununua siku hizi inapendeza kuliko kazi ya mikono ya wengi wetu. Andika maelezo. Kazi iliyoniletea wateja kuliko nyingine zote haina hata picha moja.

Ilikuwa hivi: jumuiya moja ya wapiga picha ilikuwa na ukumbi wa majadiliano uliojengwa kwa phpBB 2, toleo la zamani la programu ya kuendeshea kumbi za namna hiyo, wakati phpBB 3 ilikuwa imetoka tangu Desemba 2007. Seva ilikuwa inapandishwa toleo la PHP, lugha ambayo phpBB imeandikwa kwayo, na ule ukumbi usingeweza kufunguka tena. Nikaombwa niuhamishe wote: ujumbe, majina, kila kitu.

Shida ya kwanza ilikuwa herufi. Kompyuta ina mifumo tofauti ya kuhifadhi herufi: databesi ilitangazwa kuwa ni latin1, mfumo wa zamani wenye herufi chache, ilhali yaliyomo ndani yalikuwa UTF-8, unaobeba herufi za lugha zote. Ukiitoa kwa njia ya kawaida, MySQL (programu inayoendesha databesi) huyageuza maandishi mara ya pili, na mtu anayeitwa José anaibuka upande wa pili akiwa JosÃ©. Dawa yake ni kuitoa ikiwa latin1 vilevile, bila kugeuza chochote, halafu kuiingiza ukitamka kwamba ni UTF-8. Na usidanganyike na ile inayoitwa utf8 ndani ya MySQL. Hiyo inabeba baiti tatu tu kwa kila herufi, na emoji inataka nne. Kama seva haijawekewa ukali, yaani kukataa data yenye kasoro, ujumbe unakatwa pale ilipo emoji na maneno yote yanayofuata yanapotea bila kosa lolote la kukusimamisha. Unachohitaji ni utf8mb4, iliyoingia kwenye toleo la 5.5.3 mwaka 2010.

Shida ya pili, nywila. phpBB 2 ilizihifadhi kwa MD5 tupu (hesabu ya zamani inayogeuza nywila kuwa msimbo, na huvunjwa kirahisi), bila chumvi, yaani bila herufi za nasibu za kuongeza ugumu. Kuziacha hivyo ni hatari, na kuwalazimisha wanachama wote waweke mpya ni kuwafukuza wale wazee ambao barua pepe zao walishazisahau. Nilichofanya ni kuifunga kila MD5 ndani ya bcrypt (hesabu ya aina hiyo ila ya polepole na ngumu kuvunja) siku ile ile ya kuhama. Mtu akiingia, programu inakokotoa MD5 ya alichoandika, inaipitisha kwenye bcrypt, na ikikubali inahifadhi bcrypt ya nywila yenyewe na kuitupa ile ya zamani. Mwanachama hajui hata kama kuna kilichotokea.

Ya tatu ni ndogo ila ndiyo wengi wanairuka: linki. Kila anwani ya viewtopic.php?t=, yaani ya mada kwenye ukumbi wa zamani, niliielekeza kwenye anwani mpya kwa 301 (ishara ya "imehama moja kwa moja"), ili mtu aliyetunza linki ya zamani asiangukie ukurasa wa 404 ("haipatikani"), na injini za utafutaji zijue mada imehamia wapi.

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye ukurasa wangu wa kazi, kwa aya chache. Mteja mwenye duka la mtandaoni akisoma, hajali phpBB ni mdudu gani. Anaona tu kwamba huyu mtu akipewa data za watu hatazivuruga.

Sasa umeshaona, kazi hiyo ilikuwa ya jumuiya, na swali lako la pili limejijibu nusu. Kwa maoni yangu kazi za jumuiya zinapima uwezo zaidi. Kwa mteja yupo mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho: akisema ndiyo, umemaliza. Kwenye jumuiya hakuna wa kukusainia. Hamisha kitufe cha kujibu kutoka kulia kwenda kushoto, uone. Watu ambao hawajachangia neno kwa miezi wanaibuka kukuambia umeharibu nyumba yao, na wakati mwingine wana haki. Pia unakaa na matokeo ya kazi yako, kwa sababu ujumbe taka wa matangazo ukianza kumiminika usiku, anayeitwa ni wewe. Nilitengeneza foleni ambamo ujumbe wa mwanzo wa kila mgeni unasubiri msimamizi aupitishe. Kiufundi ni kitu kidogo sana. Kazi kubwa ilikuwa kuwashawishi wasimamizi kwamba wageni wa kweli hawatakimbia.

Ukichangia kwenye programu huria ndiyo bora zaidi, kwani historia yote iko wazi. Mteja anaona ulichobadilisha, nani alikipinga, na ulimjibu kwa lugha gani. Kuna mteja aliyenipa kazi baada ya kusoma mabishano yangu na mtunzaji wa mradi ambaye mwishowe alikataa pendekezo langu. Ila chuja. Kurekebisha herufi moja kwenye maelezo ya mradi maarufu, halafu ukajiita mchangiaji wake, kunaonekana haraka na kunanuka. Na usiandike kwamba ulifanya bure. Andika ulikuwa na jukumu gani.

Kuhusu ushahidi: siku unayozindua tovuti, ihifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, kisha uweke linki ya nakala hiyo pamoja na tarehe. Kilicho nyuma ya nywila hakihifadhiwi, na kurasa zinazotegemea sana JavaScript mara nyingi hufunguka nusunusu, kwa hiyo rekodi na video fupi. Linki za moja kwa moja zikague mara kwa mara. Domeni ikiachwa, kuna watu kazi yao ni kuziokota, na unaweza kukuta ukurasa wako unampeleka mteja kwenye kamari.

Usipige picha ya paneli ya msimamizi yenye majina na barua pepe za watu halisi, hata ukizifuta kwa ukungu. Tengeneza nakala yenye data za kubuni. Tangu 25 Mei 2018, kama ndani yake kuna watu wa Umoja wa Ulaya, una GDPR, sheria ya huko ya kulinda data binafsi, ya kuifikiria pia.

Zile ulizofanya kupitia wakala, ambazo jina lako halimo popote, soma kwanza mkataba. Kama mkataba una kipengele cha usiri, omba ruhusa kwa maandishi ya kutaja angalau aina ya kazi bila jina la mteja. Mimi nimekataliwa mara chache mno. Wakikataa, eleza tatizo la kiufundi peke yake: "duka lenye bidhaa nyingi, utafutaji ulikuwa mzito, niliufanyia hiki na hiki." Hapo humtaji mtu, na anayesoma bado anaelewa unajua nini.