Utafiti wako usiishie kabatini

Ndugu, umeuliza ufanyeje ili utafiti wako wa upungufu wa dawa kwenye zahanati usomwe na viongozi wanaopanga sera. Kwanza usisubiri umalize ndo uwatafute, wafuate mapema kabla hata hujaandaa maswali, waulize bajeti yao inapangwa lini na uamuzi gani unawaumiza kichwa, maana ripoti nzuri ikifika wiki moja baada ya bajeti kupita ndo basi tena, mpaka mwakani. Afu nenda kakae na mtunza stoo, fungueni leja, angalia siku dawa ilipoisha na siku oda ilipotumwa, hapo katikati ndo penye jibu lako, na wakati mwingine utakuta shida wala sio hela, ni sahihi ya bosi mmoja ambaye hayupo ofisini. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, mwaka 2007 walitaja nguzo 6 za mfumo wa afya, uongozi ukiwemo, na kwangu mimi huo ndo unaobeba zingine zote. Wakubwa wapelekee kurasa 2 tu, ile ripoti ndefu iwe kiambatisho. Na yule nesi aliyekupa takwimu mrudishie majibu tafadhali, huwa wanasahaulika sana.