Maswali na Majibu: Sikukuu za Desemba Ulaya, Tusafiri Lini na Tukae Wapi?

SWALI: Shikamoo, mama. Mimi ni kijana wa Moshi, ninasomea uuguzi hapa Leipzig, Ujerumani, na huu ni mwaka wangu wa kwanza ugenini. Nimepata likizo kuanzia katikati ya Desemba hadi baada ya Mwaka Mpya. Kwa kuwa nauli ya kurudi nyumbani imenishinda, nimeazimia kuzunguka: nifike Strasbourg kuona soko la Krismasi, nipite Vienna, kisha tarehe 25 niwe London kwa mama mdogo. Nina kibali cha ukaazi cha Ujerumani, na fedha zangu ni za kubana. Mama mmoja wa Kijerumani ninayefanya naye kazi amenialika kwake jioni ya tarehe 24, lakini naona mwaliko huo utanivurugia ratiba. Unanishauri nini? (Muuguzi Mwanafunzi, Leipzig)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo unaloliona linavuruga, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo la kujengea safari nzima. Mtu aliyekulia Kilimanjaro anaijua Desemba kuwa mwezi wa barabarani: mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa hadi pomoni, na siku ya Krismasi asiyekuwa na wageni nyumbani basi yeye mwenyewe amekwenda kuwa mgeni kwa mwingine. Ujerumani mambo yamegeuzwa. Shangwe ya nje, yaani masoko, taa na nyimbo za barabarani, ni ya majuma ya Majilio. Sikukuu yenyewe husherehekewa ndani, na jamaa peke yao. Tarehe 24 inapoangukia siku ya kazi, maduka hufungwa kufikia saa 8 mchana, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu za taifa ambazo duka la vyakula halifunguliwi, isipokuwa machache yaliyomo ndani ya stesheni kubwa. Masoko ya Krismasi nayo hayasubiri Krismasi. Lile maarufu la Nürnberg hufungwa mchana wa tarehe 24, na lile lililo chini ya kanisa kuu la Köln huvunjwa tarehe 23. Mgeni anayeingia jioni hiyo katika mji asioujua atatembea kwenye barabara tupu akitazama mishumaa ya watu madirishani.

Kwa hiyo zunguka kabla ya tarehe 24 na baada ya tarehe 26, na siku hizo tatu uwe chini ya paa la mtu anayekujua. Mjerumani hamwaliki mtu jioni ya tarehe 24 kwa kutimiza adabu tu. Ni jioni ya ndugu wa damu, na aliyekukaribisha amefikiri kabla ya kusema. Ukiambiwa saa 11 jioni, fika saa 11, si saa 12. Vua viatu mlangoni usipoambiwa vinginevyo, na uchukue zawadi ndogo: pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro inatosha na inazungumzika mezani. Usishangae chakula kikiwa soseji na saladi ya viazi vya baridi. Familia nyingi hupika hivyo kwa makusudi, ili mwenye nyumba asikwame jikoni saa ya kufungua zawadi, kwani zawadi hufunguliwa jioni hiyo hiyo na si asubuhi ya pili yake. Bata bukini, kabichi nyekundu na madonge ya viazi husubiri tarehe 25. Wakikualika kanisani kwanza, nenda. Ibada za alasiri ya tarehe 24 ndizo zinazojaza makanisa ambayo mwaka mzima yana viti vitupu, na wewe uliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri utazikuta tuni unazozijua; wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na baadhi ya nyimbo walizokuja nazo bado zinaimbwa huko kwetu. Imba kwa Kiswahili, hakuna atakayekukemea.

Sasa kuhusu kuzunguka kabla ya siku hiyo. Strasbourg ni pazuri, na soko lake lina historia ndefu tangu mwaka 1570, lakini wikiendi za Desemba msongamano wake unamchosha mtu mzima, na malazi hupanda bei kupita kiasi. Ukishikilia kwenda, nenda siku ya katikati ya wiki na ulale Kehl, mji wa Kijerumani ulio ng'ambo ya mto Rhine, ambako tramu huvuka daraja na kukufikisha katikati ya Strasbourg. Uone pia kwamba kuna ukaguzi wa mikoba na vizuizi vya zege barabarani. Baada ya mashambulizi ya Berlin mwaka 2016, Strasbourg mwaka 2018 na Magdeburg mwaka 2024, ulinzi wa masoko haya si mapambo, basi uwe na subira nao.

Lakini kwa mtu anayeishi Leipzig na mwenye fedha za kubana, mimi ningetanguliza milima ya Erzgebirge, iliyoko kusini katika jimbo lako hilo hilo la Saxony. Unaweza kufika kwa Deutschlandticket, tiketi ya mwezi inayokubaliwa kwenye treni za mikoa na mabasi ya nchi nzima, ingawa si kwenye treni za mwendo kasi. Watu wa huko walikuwa wachimba madini. Mtu aliyeingia mgodini kabla ya mapambazuko na kutoka giza limeshaingia aliutamani mwanga kuliko kitu kingine, na hadi leo kila dirisha la eneo hilo huwekwa tao la mishumaa mwezi Desemba; tao la kale zaidi linalojulikana ni la mwaka 1740, kutoka Johanngeorgenstadt. Katika kijiji cha Seiffen, madini ya bati yalipoanza kupungua ardhini, watu waligeukia uchongaji wa mbao. Tafuta karakana ambayo fundi anafanya kazi mbele ya wageni. Utamwona akiweka kipande cha gogo bichi la msprusi kwenye mashine inayozunguka, maji yakiruka, naye akichimba mifereji kwa patasi ndefu hadi ibaki pete ambayo haifanani na kitu chochote. Kisha anaichukua na kuipasua kwa kisu kama unavyokata mkate, na kila kipande kinachoanguka ni ng'ombe mzima: pembe, mgongo, miguu na mkia. Sura ya mnyama ilikuwa imefichwa ndani ya mifereji tangu mwanzo, na fundi aliichonga bila kuiona. Wapo wanaotengeneza hata tembo kwa njia hiyo. Hicho ndicho kitu ambacho ningependa ukione Desemba hii, kabla ya taa zote za Strasbourg.

Vienna iwe baada ya tarehe 26. Soko la mbele ya ukumbi wa jiji litakuwa limekwisha, lakini lile la kasri la Schönbrunn, katika miaka ya karibuni, limekuwa likiendelea hadi mapema Januari. Usiku wa Mwaka Mpya katikati ya jiji watu husubiri kengele kubwa ya kanisa la Mtakatifu Stefano, na ikishalia redio hupiga walzi ya Johann Strauss, nao hucheza hapo hapo barabarani, waliovaa suti na waliovaa makoti ya kuteleza kwenye theluji. Huhitaji tiketi. Fataki za barabarani, hasa katika miji ya Ujerumani, zikae mbali nawe. Wewe ni muuguzi, unajua kinachofikishwa idara ya dharura usiku ule.

Kwa tiketi za treni, zile za bei nafuu humfunga abiria kwenye treni moja tu, na siku za tarehe 20 hadi 23 viti hujaa. Lipia nafasi ya kukaa ingawa ni gharama ya ziada. Treni ikichelewa kukufikisha kwa dakika 60 au zaidi, kanuni za Umoja wa Ulaya zinakupa fidia ya robo ya nauli, na kuanzia dakika 120 ni nusu, isipokuwa chanzo kiwe jambo lisilo la kawaida kama vile hali mbaya sana ya hewa. Wageni wengi hawaidai. Idai.

London ndiyo inayonitia wasiwasi. Kibali chako cha Ujerumani, pamoja na pasipoti halali, kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na hapo wamo Uswisi na Norwei ambazo hazimo katika Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Uingereza hata kama anaishi Ujerumani kwa kibali, na majibu kwa kawaida huchukua kama wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Hata ungeipata, tarehe 25 si siku ya kuingia London: treni za chini ya ardhi hazifanyi kazi kabisa siku hiyo, wala treni za kawaida, isipokuwa chache mno. Mwambie mama mdogo akusubiri hadi Pasaka. Popote uendapo beba pasipoti na kadi ya kibali, si picha zake kwenye simu, kwani Ujerumani ilirejesha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na maofisa huingia hata kwenye treni.

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Ninatoka Unguja na ninasoma Vienna. Wenzangu darasani wananialika kwenye masoko ya Krismasi, nami sipendi kuonekana ninajitenga, lakini mimi ni Mwislamu na kila mkono naona umeshika kikombe cha mvinyo wa moto. Nifanyeje? Na siku za sikukuu, bweni likiwa tupu, nile wapi? (Mwanafunzi, Vienna)

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kusindikiza wenzako si kushiriki ibada, wala hakuna atakayehesabu ulichokunywa. Agiza Kinderpunsch, juisi ya matunda iliyochemshwa na mdalasini na karafuu, isiyo na kilevi. Ukinusa karafuu hiyo utajiona uko nyumbani. Muulize muuzaji kama imechemshwa katika sufuria yake yenyewe. Utatozwa amana ya kikombe juu ya bei, nayo utarudishiwa ukikirejesha. Katika vyakula, njugu za chestnut zilizochomwa kwenye makaa na lozi zilizokaangwa kwa sukari hazina shaka. Soseji nyingi ni za nguruwe. Chapati za viazi uulize zimekaangwa kwa mafuta gani, na ule mkate mzito wa Krismasi wenye zabibu kavu uuache, kwa maana zabibu zake mara nyingi hulowekwa kwenye ramu.

Jambo ambalo hukuuliza, nalo ni zito kuliko vikombe, ni saa za sala. Mwishoni mwa Desemba jua la Vienna huchwa kama saa 10 na dakika chache jioni, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huangukia ndani ya muda wa takriban saa 4, mara nyingi ukiwa darasani au kwenye foleni. Chapisha ratiba ya mwezi na uitembeze mfukoni. Kuhusu chakula, nunua kabla ya mchana wa tarehe 24 vitu vya siku tatu. Migahawa mingi ya Waturuki hubaki wazi hata maduka yanapofungwa, nayo mara nyingi huwa na nyama ya halali. Kisha wakusanye wengine waliobaki bwenini na upike sufuria ya pilau. Wahindi, Wamisri na Wanigeria wa ghorofa ya juu wako katika hali kama yako.

SWALI: Dada mpendwa, binti yangu anafanya kazi Ujerumani na anataka nimtembelee Krismasi. Ninaishi Dar es Salaam, sijawahi kuona baridi. Nianzie wapi? (Mama wa Binti, Tabata)

JIBU: Dada, mwombe binti akualike mwishoni mwa Novemba, masoko yanapofunguliwa, na urudi nyumbani kabla ya tarehe 20 Desemba kama kazi yake haimpi likizo, la sivyo utashinda peke yako katika nyumba yenye giza tangu saa 10 jioni huku yeye akiwa zamu. Akiwa na likizo, njoo na ukae hadi Mwaka Mpya.

Usiangushwe na ahadi za theluji. Katika miji ya tambarare Krismasi mara nyingi ni mvua na nyuzijoto chache juu ya sifuri, nao ubaridi wa namna hiyo huingia mifupani kuliko theluji kavu. Koti zuri usilinunue Ulaya kwa bei ya dukani. Pitia Karume, au kama una ndugu Moshi mtume soko la Memorial, ambako makoti mazito ya mitumba huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu hapa hayana wanunuzi. Viatu ndivyo vinunuliwe vipya, visivyoingiza maji na vyenye soli ya kushika. Nguo ziwe nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, maana ndani ya nyumba kuna joto na utatamani kuvua. Beba mafuta ya mgando ya kutosha, kwani hewa ya vipasha joto hukausha ngozi.

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na utahitaji bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini huweza kufika siku 45. Kama gharama zako zitabebwa na binti, aende ofisi ya wageni ya mji wake akatie saini hati ya kukudhamini, na akutumie ile halisi, si nakala. Ofisi hizo hutoa miadi ya mbali sana, kwa hiyo aiombe miadi hiyo mwezi Agosti.