Kabla hujailaumu hadubini

Siku ya kwanza kuachiwa peke yangu hadubini ya konfokali, ile inayotumia leza kupiga picha za seli zilizotiwa rangi zinazong'aa, nilipoteza saa mbili. Kwa lenzi ya 10x na 20x seli zilionekana vizuri. Nikahamia 63x ya mafuta, ile inayotaka tone la mafuta kati yake na slaidi: giza. Nikazungusha kitasa cha fokasi mpaka lenzi ikaanza kuinua slaidi. Kwenye daftari la chumba nikaandika kwamba lenzi ni mbovu. Mtaalamu akaja, akaipindua slaidi, akaondoka bila kusema neno.

Hadubini ile hutazama kutoka chini. Mimi nilikuwa nimeweka slaidi kama tulivyozoea darasani, kioo chembamba cha kufunikia sampuli kikiwa juu. Lenzi ya 63x hufikia umbali usiozidi milimita 0.2, wakati slaidi yenyewe ina unene wa milimita 1 hivi. Ningezungusha kitasa mpaka kesho.

Tangu hapo, picha ikiwa mbaya naanza na slaidi, mashine baadaye. Soma boksi la vioo vya kufunikia: vilivyoandikwa 1.5 vina unene wa karibu milimita 0.17, na lenzi nyingi za ukuzaji mkubwa zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Ukiokota vingine kwa sababu ndivyo vilivyokuwa kwenye droo, picha inafifia nawe unabaki kuongeza nguvu ya leza bure. Kimiminika cha kufungia sampuli kikiwa cha aina inayoganda, kipe usiku kucha. Slaidi zilizotayarishwa asubuhi kwa ajili ya zamu ya mchana nimezileta mara nyingi, na kioo kikateleza kila mara. Rangi ya kucha unayozibia kingo nayo ikauke kabisa kabla haijasogea karibu na lenzi.

Mafuta, tone moja linatosha. Hatari yenyewe ni kurudi kwenye lenzi kavu, 20x au 40x, huku slaidi bado ina mafuta. Lenzi inayalamba, wewe unaondoka, na anayekuja baada yako anakuta ukungu asioujua ulikotoka. Ikikutokea, sema siku hiyohiyo. Hakuna mtaalamu niliyemwona akimfukuza mtu kwa kusema. Waliofichwa mambo ndio niliowaona wakikasirika. Futa kwa karatasi ya lenzi tu, si tishu, na wala si pindo la koti.

Njoo pia na slaidi isiyotiwa rangi kabisa, na nyingine iliyotiwa kingamwili ya pili (inayobeba rangi) bila ya kwanza (inayoishika protini unayoitafuta). Wageni huziacha kwa kuona zinakula muda. Lakini seli nyingi hung'aa zenyewe, hasa kwenye mwanga wa kijani, na bila slaidi hizo huwezi kujua kama unatazama protini yako au mng'ao wa asili.

Mipangilio iweke kwa sampuli inayong'aa kuliko zote, kisha usiiguse hadi ya mwisho. Washa rangi za tahadhari zinazoonyesha pikseli zilizojaa. Katika picha ya biti 8 kipimo cha mwanga cha kila pikseli kinaishia 255. Mwanga wowote wa ziada nao husomeka 255, na hakuna programu itakayokurudishia tofauti iliyopotea. Ukitafuta pa kupiga picha, leza iwe chini, la sivyo utaiunguza rangi ya seli nzuri kabla hujaipiga.

Hifadhi faili katika muundo wa hadubini yenyewe, maana ndani yake zimo lenzi, leza na ukubwa wa pikseli. JPEG ni ya kumwonyesha msimamizi kwenye simu. Nakili faili siku hiyohiyo, kwani diski ya kompyuta ya pale ni ya wote na husafishwa.

Kabla ya kuzima, tazama ratiba. Kama chumba chenu bado kina taa ya zebaki, ikizimwa inahitaji kama nusu saa ipoe ndipo iwashwe tena. Akiwapo mtu baada yako, iache ikiwaka, na yeye mwambie hivyo.