Mkojo unaweza kusema kansa ya kibofu itarudi? Maswali yenu

Maswali ya kibofu yamekuwa mengi, nimechukua matano. Mimi mtu wa maabara jamani, ile kamera ya kuchungulia ndani ya kibofu sishiki, kwahiyo mambo ya upasuaji mbaneni daktari wenu.

Baba alitolewa uvimbe kwenye kibofu, wakasema umetoka wote. Sasa mbona wanamwita kila miezi mitatu, wanatafuta nini?

Wanatafuta mwenzake. Hii kansa kurudi ndo tabia yake. Karibu robo tatu ya wagonjwa hugundulika ikiwa bado juu juu, haijaingia kwenye msuli wa kibofu, wanakwanguliwa wanaenda nyumbani, afu inaota tena. Kuna hesabu ya EORTC (shirika la Ulaya la utafiti wa kansa) ya 2006 iliyotoka kwa wagonjwa 2596: uwezekano wa kurudi ndani ya miaka 5 ni kuanzia 31% kwa wale wa hatari ndogo mpaka 78% kwa wa hatari kubwa, lakini uwezekano wa kuzama kwenye msuli unaanzia 0.8% mpaka 45%. Hizo namba zitazame vizuri, manake kurudi na kuzama ni vitu viwili. Kuna mtu anarudiwa mara nne na kila mara ni kinundu kidogo cha daraja la chini (seli zake si kali), na kuna mwingine ikimrudia mara moja tu imeshaenda ndani. Wanachopigia hesabu ni idadi ya uvimbe, kama umezidi sm 3, ulishawahi kurudi mara ngapi, umefika tabaka gani, daraja lake, na kama kuna ile kansa bapa inayotambaa kwenye utando. Umeona? Mkojo haumo kabisa. Mkojo unakuja baadaye, kuongezea.

Mkojo wangu umetoka safi mara mbili, naweza kuruka kamera? Inauma ile kitu.

Usiruke. Pole, najua. Ngoja nikuambie tunachoona kwenye darubini: seli za daraja la juu hazishikani vizuri, zinadondoka zenyewe kwenye mkojo, na ukiziona unazijua, kiini kikubwa, cheusi, kingo zimejikunja, kimejaza seli nzima. Za daraja la chini zimeng'ang'aniana ukutani na hata zikidondoka zinafanana na za mtu mzima wa afya. Ndo maana kipimo cha seli kinanasa kama 84% ya zile mbaya na 16% tu ya zile pole. Kwahiyo "safi" yako inategemea ulikuwa na ipi. Kama wewe ni wa hatari ndogo na kamera ya mwezi wa tatu ilikuwa safi, kwa kawaida inayofuata ni mpaka utimize mwaka, si haba.

Nimeambiwa nisilete mkojo wa kwanza wa asubuhi. Si ndo huo unaotakiwa siku zote?

Kwa mimba sawa. Kwa seli hapana, umelala kibofuni usiku kucha na seli zimeshaanza kuoza, mimi naletewa uji. Kojoa ule wa kwanza, kunywa maji, leta unaofuata, na usikae nao.

NMP22 yangu imetoka positive, kamera haikuona kitu. Nani muongo?

Inawezekana hakuna. NMP22 ni protini tunayopima kwenye mkojo, inapanda hata ukiwa na UTI, mawe, au kibofu kimevimba kwa sababu ya dozi za BCG (dawa inayowekwa ndani ya kibofu), kwahiyo kwanza jiulize mwezi huu ulikuwa na nini. Ila kama kilichotoka positive ni kipimo cha seli au FISH, hapo mimi sikai kimya. FISH inahesabu kromosomu 3, 7 na 17 na kuangalia kama kipande cha 9p21 kimepotea, na ikiwaka huku kamera haioni kitu, labda kuna kansa bapa ambayo taa ya kawaida haiioni (taa ya bluu inasaidia), au ugonjwa uko juu, kwenye mrija au figo ambako kamera haikufika, au seli zimeshaharibika ila uvimbe bado haujaota. Hiyo ya mwisho ndo utabiri wenyewe mnaouliza! Na FISH ikibaki positive baada ya kumaliza BCG, hatari ya kurudi na ya kuzama inakuwa juu, hapo daktari hasubiri.

Hivi vipimo vipya vya jeni si vitaondoa kamera?

Vimesogea sana. Kipimo cha Xpert kinasoma RNA (nakala za jeni) za jeni tano kwenye mkojo, kuna kingine kinaitwa Cxbladder, kuna wanaotafuta mabadiliko ya jeni za FGFR3 na TERT. Nguvu yao kubwa ni kukutuliza, yaani ikisema hamna, uwezekano wa kuwa na kansa ya daraja la juu unashuka sana. Kwa mgonjwa wa hatari kubwa lakini, kamera bado iko palepale. Na inshu moja watu hawaulizi: uvimbe wako wa kwanza ulikuwa na hilo badiliko la FGFR3? Kama haukuwa nalo, mkojo usio nalo haujakuambia kitu, ulizeni kabla hamjalipia.

Halafu aliyeniandikia kuwa kaona damu ila tarehe yake bado mwezi: piga simu leo, hata kama mkojo wa juzi ulitoka safi.