Majani ya mlimau wa ndani yananata na kuwa meusi

Swali: Nina mlimau kwenye chungu sebuleni, karibu na dirisha. Majani yananata na mengine yamepata weusi kama masizi. Nayafuta kwa mafuta ya kupikia ili yang'ae, lakini baada ya siku chache hali inarudi. Je, niyakate?

Jibu: Usikate hata jani moja, ila hayo mafuta yaache leo hii. Yanaziba vitundu ambavyo jani hupumulia na kushika vumbi zaidi.

Kunata huko si ugonjwa wa jani. Ni majimaji matamu yanayotolewa na wadudu wanaofyonza utomvu, na ule weusi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Majimaji hudondoka, kwa hiyo jani linalonata sana mara nyingi si lenye wadudu. Tazama lililo juu yake. Ligeuze, chunguza mshipa wa katikati, kisha tawi lenyewe. Utaona vijivimbe vya kahawia, bapa, vimetulia kabisa kama sehemu ya gome. Kwangua kimoja kwa ukucha: kikibanduka na kuacha unyevu, hao ni wadudu gamba.

Sabuni peke yake haiwamalizi, maana wakubwa wamejifunika gamba. Wabandue kwanza kwa mswaki laini. Halafu changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kawaida, isiyo na dawa ya kung'arisha, katika lita 1 ya maji. Ijaribu kwenye majani mawili, subiri siku nzima. Yakibaki salama, futa mti wote jioni, hasa chini ya majani, kisha suuza kwa maji matupu. Rudia kila baada ya siku 7, mara tatu au nne. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: mti ukionekana safi wanaacha, kumbe mayai bado yanaangua.

Ukungu mweusi utatoka kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na jani la kijani lililokuwa chini yake litaendelea kuulisha mti. Ndiyo maana nakusihi usilikate.

Wakati huo punguza mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwa sababu machipukizi mororo huwavutia wadudu hawa. Ukiona sisimizi wanapanda shina, wazuie, kwani hufuata ule utamu na kuwalinda wadudu dhidi ya maadui wao.