Tunahamia Kentucky: mtoto ataanza chekechea mwaka huu?

Swali: Mwezi wa saba tunahama kutoka Buffalo, New York, kwenda Louisville, Kentucky, mume wangu amepata kazi huko. Mtoto wetu atatimiza miaka 5 tarehe 14 Oktoba, na hapa ameshakubaliwa kuanza chekechea (kindergarten) Septemba. Jirani ananiambia Kentucky watamkataa. Ni kweli? Na nitachaguaje shule katika mji nisioujua?

Jibu: Jirani yako amesema kweli, dada. Kila jimbo la Marekani lina tarehe yake. New York hupokea mtoto anayetimiza miaka 5 kufikia Desemba 1, lakini Kentucky ni Agosti 1. Wako amepungukiwa miezi miwili na nusu.

Sheria ya Kentucky inamruhusu mzazi kupeleka ombi kwa bodi ya elimu ya wilaya ili mtoto aingie mapema, naye hupimwa kama yuko tayari. Ila nakuomba usipeleke ombi kwa sababu tu Buffalo walimkubali. Mtazame mwenyewe wiki hii. Je, anakwenda chooni peke yake na kufunga suruali yake? Anakaa kusikiliza hadithi hadi mwisho? Anaweza kumwambia mtu mzima asiyemjua kwamba ana kiu? Kama bado, mwaka mmoja zaidi utamfaa.

Mwaka huo si wa kukaa nyumbani. Kentucky ina madarasa ya awali ya bure kwa waliotimiza miaka 4 kufikia Agosti 1, ikiwa kipato cha familia hakizidi asilimia 160 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Kuna pia Head Start, mpango wa serikali kuu wa elimu ya awali ya bure kwa familia za kipato cha chini. Mkiwa mnapokea SNAP, yaani msaada wa serikali wa chakula, mna sifa ya kuiomba Head Start. Vituo vya kulipia hupewa na jimbo nyota 1 hadi 5 za ubora, na nyota hizo zikusaidie kuanza tu kutafuta. Nenda saa nne asubuhi, watoto wakiwa katika shughuli zao. Mtoto akilia, mwalimu anainama hadi usawa wa macho yake au anamwita kwa sauti kutoka mlangoni? Uliza kila mwalimu ana muda gani pale. Mahali ambapo walimu hubadilika kila mara, mtoto mgeni hapati wa kumzoea, na hilo kwangu ni zito kuliko rangi za ukutani.

Shule ya umma hufuata anwani. Familia nyingi husaini mkataba wa nyumba kwanza, kisha ndipo huuliza shule. Nyie pigeni simu ofisi ya shule za wilaya kabla ya kusaini, mtaje anwani, mwulize mtoto atapangiwa wapi. Mkikosa nyumba mkahifadhiwa kwa ndugu, sheria ya serikali kuu ya McKinney-Vento, inayowalinda watoto wasio na makazi, inampa mtoto haki ya kuandikishwa papo hapo, hata karatasi zikiwa hazijakamilika.

La kufanya kabla ya kufunga mizigo ni chanjo. Kentucky inadai dozi 2 za homa ya ini aina ya A, ambazo New York haizidai shuleni, na kati ya dozi hizo hupita miezi 6. Muulize daktari wake wa Buffalo sasa hivi, na uondoke na kadi kamili mkononi. Kentucky pia hutaka mtoto apimwe na daktari wa macho, ripoti ifike shuleni kufikia Januari 1 ya mwaka wake wa kwanza.

Siku ya kumwandikisha utapewa fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Wazazi wengi wetu huandika Kiingereza kwa hofu kwamba mtoto atarudishwa nyuma. Andika Kiswahili: ndilo jibu linalomfungulia msaada wa kujifunza Kiingereza. Mkalimani ni haki yako na ni bure, kwa hiyo usimfanye mwanao mkubwa akutafsirie. Ukipiga simu shuleni, taja neno Swahili, kisha subiri kwenye laini.