Maswali na Majibu: Woga wa Usaili, Mtihani na Uwanja

*Mwalimu, shikamoo. Nimeitwa tena kwenye usaili wa mahojiano hapa Dodoma. Mara ya kwanza nilibabaika hadi nikasahau hata niliyoyasoma chuoni. Nifanyeje? – Mhitimu, Nkuhungu*

Marahaba. Uliyoyasoma kimya kimya ukiwa umejilaza kitandani ulitakiwa kuyaeleza kwa sauti mbele ya watu usiowajua, wanaoandika alama huku wewe unazungumza, na jambo hilo hukuwahi kulifanya hata mara moja kabla ya siku yenyewe. Safari hii waombe majirani wawili au watatu waketi nyuma ya meza, wakuulize bila kutabasamu na wakukatize katikati ya jibu. Vaa nguo na viatu utakavyovaa siku hiyo. Rudieni hasa swali la kwanza, la kujieleza wewe ni nani, kwa kuwa hapo ndipo moyo hudunda zaidi, na anayeivuka dakika hiyo bila kukwama hupata nguvu ya kuendelea. Ukianza kutetemeka, toa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulioutumia kuivuta.

Kisha kuna maandalizi ambayo wengi huyadharau. Vijana hushuka basi la usiku katika stendi ya Nanenane na kuunganisha moja kwa moja hadi kwenye usaili Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako ndaki moja (yaani chuo ndani ya chuo kikuu) iko mbali na nyingine, wakauliza njia huku jasho likiwatoka na bahasha ya vyeti mkononi. Mtu wa namna hiyo amekwisha kushindwa na hofu kabla hajaulizwa chochote. Wewe unaishi hapa hapa, kwa hiyo huna udhuru: ufahamu ukumbi siku moja kabla, na vyeti halisi pamoja na kitambulisho viwe ndani ya bahasha tangu jioni.

*Rafiki yangu humeza propranolol kabla ya kuzungumza hadharani. Nami ninunue? – Msomaji, Kongwa*

Usinunue. Hiyo ni dawa ya moyo na shinikizo la damu inayoandikwa na daktari, na kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa hadi kuhatarisha maisha yake.

*Je, ujasiri si kipaji cha kuzaliwa? – Mwanamichezo, Manyoni*

Swali hili limenichosha. Mtazame Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wako wa Singida. Alimaliza wa 5 katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba kwenye mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, na dhahabu ya dunia akaipata Tokyo mwaka 2025, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kukimbia zaidi ya saa 2. Anayeziona mita za mwisho peke yake ataita kipaji, lakini miguu iliyokwisha kukimbia kilomita 42 haifanyi jambo ambalo haikulizoea mazoezini. Ninachokiogopa katika imani yenu hiyo ni kwamba huwapa walimu kisingizio: midahalo ya shule huachiwa wanafunzi wale wale wawili wasemaji, na darasa zima hubaki kupiga makofi hadi linamaliza kidato cha nne.

*Binti yangu ana mtihani wa kidato cha nne Novemba. Anakesha kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, lakini hofu haimtoki. – Mama, Chamwino*

Mama, hofu hiyo inachochewa na hivyo anavyokunywa. Kafeini huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi, ilhali ni katika usingizi ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana. Nimeandika habari za kukesha mara nyingi mno, na bado wazazi wanajivunia taa inayowaka hadi alfajiri. Mwondolee vinywaji hivyo, alale mapema. Jumamosi asubuhi mpe mtihani wa mwaka uliopita, aketi mezani kwa muda wa saa 3 bila daftari wala simu, na asinyanyuke kabla ya muda kwisha hata akimaliza mapema. Maswali yatakayomkwamisha ndiyo ayasome wiki inayofuata.